Kibuyu cha Mama Kilichooshwa kwa Sabuni

"Wifi, njoo uone, sasa kitang'aa kwenye picha yako!"

Mke wa kaka yangu alikuwa amechutama uani, karai limejaa povu, mkononi ameshika kibuyu cha maziwa cha marehemu mama. Nje alishakisugua kwa waya wa kuoshea sufuria, ndani kamimina sabuni ya unga. Nilikipokea nikakinusa. Kilinukia kama shati la mtoto wa shule Jumatatu.

Hicho ndicho kitu pekee cha mama kilichobaki. Tope liliposhuka mlimani lilimchukua yeye na nyumba, mimi watu wakanivuta nimezama hadi kifuani. Kibuyu kilikutwa kimenasa kwenye ua wa minyaa wa jirani, kizibo bado kimekaza. Humo ndani harufu yake ilikuwepo: moshi, maziwa ya mgando, na mkaa wa kile kijiti alichokuwa anakichoma na kusafishia kibuyu. Nilikuwa nafungua kidogo, navuta, nafunga haraka isije ikaisha.

Kaka alinipokea kwake Tlawi. Huko ndiko nilianza kupiga picha vitu, kwa simu iliyopasuka kioo. Niliishia darasa la nne, hakuna aliyenifundisha. Kigoda dirishani, kiroba cheupe cha sukari nimekipasua nikakitundika nyuma, mfuniko wa sufuria unarudisha mwanga upande wenye giza. Nikapiga vitunguu, jembe, viatu vya kaka. Kibuyu nilikiacha mwisho. Nilikuwa nangoja asubuhi ya ukungu mwepesi, maana jua kali linakifanya kama plastiki. Laiti ningekipiga hata kwa jua baya.

Kaka akataka picha ya kibuyu iwekwe kwenye kalenda ya kwaya. "Lakini kina masizi hiki. Watu watasema tunaishi kwenye uchafu."

"Kaka, hayo masizi ndiyo picha yenyewe. Usikiguse."

"Haya, fundi wa picha," akacheka.

Nilipokwenda Endagikot kusaga, akamwagiza mkewe akioshe. Na wifi anajua kabisa chombo cha maziwa hakiguswi na sabuni, kwao Gendabi wanafuga. Nilimuuliza.

"Kaka yako kasema kiwe safi, wifi. Ningembishia?"

Picha wakapiga wao. Kalenda ilipotoka, kibuyu kinang'aa kama kichwa kilichonyolewa. Kanisani watu wananishika mkono, hongera, hongera. Nageuza uso. Chenyewe walikianika juani kikapasuka mdomo.

"Kibuyu tu hicho," kaka anasema, "nitakununulia kingine mnadani."

Kaka, shikamoo. Nimekula kwako, sikatai. Lakini alikuwa mama yako pia. Ulipotoa amri ile, ulikuwa unamwonea nani aibu? Usinitumie wifi aje kukusemea. Njoo mwenyewe ukae hapa dirishani, ukishike, ukinuse, halafu uniambie mama umempeleka wapi.