Sinki la Mpima Ardhi

Mtaani walimwita Bwana Futi, na jina lilimkaa. Alikuwa mpima ardhi. Kwa miaka thelathini na mitano alizunguka na kamba zake na vigingi vyake, akaamua mipaka ambayo ndugu walikuwa wameshaanza kushikiana mapanga kwa ajili yake, na akisema "mpaka ni hapa," hakuna aliyebisha. Hata baada ya kustaafu, futi ya chuma haikumtoka mfukoni. Ungemkuta anapima mlango wa jirani na hakuna aliyemwomba.

Mkewe alikuwa muuguzi, naye ameshastaafu. Mwanamke wa maneno machache na vicheko vya ghafla. Dada yake alipofanyiwa upasuaji wa nyonga, alifunga begi akaenda kumuuguza wiki tano. Bwana Futi akabaki peke yake nyumbani, na hapo ndipo wazo lilipomjia. Jiko lao lilikuwa limechoka: sinki la saruji limemeguka ukingo, bomba likifunguliwa linalia kama paka, vigae vimebanduka. Atalibomoa lote alijenge upya, mama watoto akirudi akute mambo mengine kabisa. Akamwita fundi, wakaanza kubomoa.

Siku ya kununua sinki alienda mwenyewe. Dukani yalikuwa mengi, yamesimamishwa ukutani safu kwa safu, na muuzaji alikuwa mdada mwenye penseli nyuma ya sikio.

"Karibu, mzee. Nyumbani nani anaosha vyombo?"

"Mke wangu."

"Anasugua kwa mkono gani?"

Bwana Futi akaishika futi mfukoni.

"Nauliza kwa sababu ya hili bapa la kukaushia vyombo," mdada akamweleza. "Kwa mtu wa mkono wa kulia linakaa kushoto. Wa kushoto, kinyume chake."

"Wa kulia," akasema. "Kama watu wote."

"Na kimo chake?"

"Wa kawaida tu."

"Kawaida ya nani, mzee?" Mdada alicheka bila ubaya. "Haya, sufuria lenu kubwa kuliko yote lina upana gani?"

Nyuma yake walisimama wateja wawili wakisubiri zamu. Bwana Futi aliwatupia jicho. Angeweza kukutajia upana wa viwanja vya watu waliokwisha kufa, lakini sufuria lililompikia miaka yote hiyo hakulijua. Simu ilikuwa mfukoni. Kumpigia mkewe ni dakika moja. Akajiambia kwamba akipiga ataharibu mshangao. Ukweli ni kwamba aliona haya.

"Sentimita arobaini," akasema kwa sauti ileile ya kuamulia mipaka, kisha akanyooshea kidole sinki lililong'aa kuliko mengine, lenye kina kirefu na bapa upande wa kushoto.

Fundi naye alipouliza meza ya sinki iinuliwe hadi wapi, Bwana Futi alisimama wima, akaweka kiganja kwenye kitovu chake mwenyewe. "Hapa." Alikuwa mrefu; wakipiga picha ya familia siku zote huwekwa nyuma.

Mkewe aliporudi alishika mashavu kwa mikono miwili. "Jamani! Hili jiko au hoteli?" Akafungua bomba, akalifunga, akalifungua tena. Majirani wakaja kuona, Bwana Futi akapiga kifua, akawaeleza kila kigae kilivyokatwa.

Wiki mbili zikapita. Asubuhi moja aliingia jikoni kuchukua maji ya kunywa, akasimama mlangoni. Mkewe alikuwa amepanda juu ya kreti la soda. Mkono wa kushoto ulikuwa ndani ya sinki hadi kwapani, unasugua. Kila sahani ikiisha aliupitisha wa kulia juu ya ule wa kushoto, kama anayejifunga kamba, ili alifikie bapa. Gauni lilikuwa limelowa tumboni. Na lile sufuria kubwa, lisiloenea humo, lilikuwa nje, kwenye bomba la uani, chini, mahali pa kuoshea kwa kuchuchumaa. Na magoti yake yale yanayomuuma.

"Mbona leo unasugua kwa kushoto?" akamuuliza.

Mkewe akacheka, akidhani ni utani. Akageuka, akamwona usoni, kicheko kikakatika.

"Leo? Baba watoto, mimi ni wa kushoto tangu kuzaliwa. Wodini nimechoma watu sindano kwa mkono huu miaka thelathini."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa afadhali. Alimtazama tu kidogo, kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake na mtu anayemfahamu, kisha akageukia sahani zake. Bwana Futi akatoka bila maji.

Jioni alimwambia, macho sakafuni, "Twende tukachague lingine. Wewe ndiye uchague."

Mdada wa dukani alimtambua palepale. "Mzee! Sinki lile limewafaa?" Kisha akamtazama mama, aliyemfika mumewe kwapani, na ambaye tayari alikuwa anapapasa sinki moja kwa mkono wa kushoto. "Kumbe… si uliniambia anatumia wa kulia?"

Bwana Futi alitamani ardhi ipasuke immeze, ardhi ileile aliyoipima maisha yake yote. Mkewe hakujua kuwa mumewe aliulizwa. Alidhani alikosea kwa kutowaza. Sasa alisikia kwamba aliulizwa waziwazi, akajibu uongo.

"Hakukosea," mkewe akasema. "Wakati ule mkono wa kushoto nilikuwa nimeuumiza. Nilikuwa natumia wa kulia." Akaendelea kupapasa ukingo wa sinki. "Hili halina kina sana. Nioneshe hili."

Mdada akaridhika. Bwana Futi hakuridhika. Kule kusitiriwa kulimchoma kuliko kama angekaripiwa mbele za watu. Barabarani wakirudi alijaribu kusema, akashikwa na kigugumizi kama mtoto.

"Mama watoto, mimi… kule dukani siku ile…"

"Nimesikia."

"Ningekupigia simu. Niliona aibu kwamba sijui."

"Mimi nimeumia," mkewe akasema, "na sitakwambia sijaumia. Lakini yule binti hayamhusu."



Fundi alishusha meza, akaweka sinki jipya, bapa upande wa kulia. Safari hii mkewe alisimama yeye, Bwana Futi akamshikia futi, akasoma namba kwa sauti. Lile la kwanza duka halikulipokea, kwa kuwa limeshatumika. Fundi akalifunga uani, juu ya matofali, kwa kimo kilekile cha kitovu cha Bwana Futi. Huko ndiko mwenyewe anakooshea masufuria makubwa baada ya chakula cha mchana, kila siku, mikono ya shati imekunjwa. Majirani walimtania mwanzoni, wakachoka. Mkewe hajamsifu hata mara moja. Huyapokea masufuria mlangoni, hugeuza moja akatazama chini yake, na likiwa bado na masizi humrudishia.