Mzizi wa Hamu

Ida hakuwa mganga, na ukimwita mganga alikununia wiki nzima. Mganga ana vibuyu, ana mashetani yake, ana mambo mengi. Yeye alikuwa muumini wa Anglikana anayejua mzizi mmoja, basi. Mama yake aliuita mzizi wa hamu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kumrudishia mtu hamu ya kula: mama aliyetoka kujifungua anachukia chakula, mtoto aliyetoka kwenye homa anasukuma bakuli, mzee anakonda na hajui kwa nini. Unatafuna kipande cha urefu wa kidole. Kinaanza na ukali kidogo, unakuja utamu, na baada ya muda mfupi tumbo linaanza kudai haki yake.

Kuutambua mmea wenyewe juu ya ardhi si kazi. Unapanda miti kwa kujizungusha, huko vilimani juu ya Berega, kwenye kivuli na unyevu. Majani yake ni mapana, yana umbo la moyo, ukiyavunja yanatoa utomvu mweupe. Na pale majani mawili yanapokutana kwenye shina pana ukosi uliojikunja, kama shingo ya gauni la mtoto la Krismasi. Shida iko chini. Kuna mtambazi mwingine unaopenda miti hiyo hiyo, na mizizi ya yote miwili hulala pamoja mpaka hujui upi ni wa nani. Ukishachimba, rangi ni moja na unene ni ule ule. Hapo kinachoamua ni pua. Wenyewe ukiuvunja unanukia kama unga wa keki. Ule mwingine hauna harufu yoyote, haurudishi hamu, na ukiuzidisha utaharisha.

Kwa hiyo wanawake walikuwa wanamletea Ida mizizi yao. Anauvunja, anafumba macho, anavuta pumzi. "Huu sawa. Huu tupa." Hakukosea hata mara moja. Wengine wanaringia mashamba, wengine wanaringia watoto waliosoma. Ida aliringia pua.

Kisha ukaja mwaka ule wa barakoa. Ida alikohoa, akalala ndani, akapona, akamshukuru Mungu. Ila pua haikupona. Ulimi nao ukawa hivyo hivyo; ugali na matope ni mamoja, tofauti ni kwamba ugali una moto. Alisubiri irudi. Masika yakapita, kiangazi kikapita. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Angeanzaje? Mtu aliyejulikana kwa jambo moja tu akilipoteza, anabaki nani? Akaanza kuchimba peke yake kwenye miti michache aliyokumbuka ina mtambazi mmoja tu, na walioleta mizizi yao akawaambia macho yanamsumbua, waje siku nyingine.

Pengine angefika hivyo mpaka uzeeni, kama si wanaume. Maskini wanaume! Habari zilishuka mpaka Mikumi, kule barabarani kwenye malori, kwamba mzizi huo unaongeza nguvu za kiume. Nani alisema, hajulikani. Vijana wakapanda vilima na majembe. Mama yake Ida alimfundisha kuchukua mizizi ya pembeni, kuacha ule mkuu, kufukia na kukanyaga udongo taratibu. Hao waling'oa kila kitu, mikubwa na midogo, wenyewe na usio wenyewe, wakafunga vifungu kwa kamba na kushuka navyo. Ida alipopanda kwenye miti yake alikuta mashimo.

Na ndipo Danieli alipougua.

Danieli, mumewe, alikuwa seremala. Milango mingi ya kule juu ilitoka mikononi mwake. Ugonjwa wake ulikaa tumboni. Hospitali walimpima, wakampeleka Morogoro, na kutoka Morogoro akarudi na vidonge vya maumivu na maneno ya upole. Daktari alimweka Ida pembeni akamwambia jitahidi ale, akila atakaa nawe kidogo zaidi. Ida aliyashika maneno hayo. Dunia nzima ikawa imebaki hapo: Danieli ale.

Kwenye kichaka kimoja alikuwa ameokota ganda lililokauka la mmea ule, mbegu zake zina pamba. Akatengeneza kitalu chini ya migomba nyuma ya jiko, akaleta udongo wa msituni kwenye ndoo, akazifukia juu juu, akamwagilia asubuhi na jioni. Zikaota. Ule ukosi uliojikunja ukajitokeza mdogo mdogo, akajua hakukosea. Akachomeka miti ya kupandia. Lakini mzizi unahitaji masika mawili au zaidi ndipo unenepe kama kidole, na Danieli hakuwa na masika mawili. Ida alilijua hilo kila alipoinua kopo la maji, na alimwagilia hivyo hivyo.

Mizizi iliyokuwa imebaki ndani ilipoisha, alipanda basi akaenda Mikumi.

Kijana wa kibanda cha mizizi, Jovin, alimsalimia vizuri. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mzizi huu mmeuchimba wapi?"

"Milimani huko, mama. Wenyewe kabisa, si wa kuchakachua."

"Umeuchimba mwenyewe?"

Jovin akacheka kwa aibu. "Nisikudanganye, naletewa tu. Mimi mtu wa ziwani, mizizi ya huku siijui. Ila wewe naona unaujua. Hebu ninusie."

Dereva wa lori alikuwa amesimama pale, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, shingo ya mtoto nyembamba mno. Wote wakamtazama Ida. Tangu mwaka ule wa barakoa hakuwa ametazamwa hivyo. Akachukua mzizi, akauvunja, akafumba macho, akavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Hakuna kitu. Hata moshi wa malori hakuusikia. Angeweza kusema siwezi kunusa, wanangu, pua yangu ilikufa. Maneno ni machache, wala hayana gharama.

"Ni wenyewe," akasema.

Yule mwanamke akafungua fundo la khanga akanunua. Ida aliliona hilo. Akageuza uso, akalipia kifungu chake, akaondoka haraka kama mwizi.

Nyumbani Danieli alitafuna. Ida alikaa kwenye kigoda akimwangalia taya.

"Mzuri huu," Danieli akasema. "Umeupata wapi?"

"Mikumi."

Akala vijiko vitatu vya uji wa karanga. Ida alitoka nje akalia kwa furaha, mjinga yeye. Kesho yake akala tena, na keshokutwa. Baada ya kula alikuwa anaomba asaidiwe kwenda chooni na anakaa huko muda mrefu, na Ida akajiambia ni ugonjwa. Mwili ulizidi kuisha. Mikono iliyokuwa inabeba mbao za mninga peke yake sasa haikuweza kukunja blanketi.

Wa kuivunja siri alikuwa Jackline, mkwe wake. Jackline ni binti wa wafugaji wa Tindiga, aliyeolewa na Oswald, mtoto wao anayefanya kazi ya miwa Ruhembe. Alikuja kusaidia kuuguza. Siku hiyo alikuwa anaosha mizizi, mmoja ukakatika, akaupeleka puani.

"Mama, si ulisema unanukia? Huu hauna kitu."

"Hauna?"

"Unanuka udongo tu. Hebu nusa." Akauweka puani mwa Ida.

Ida alisimama tu, na mzizi uko puani, macho yamejaa maji. Jackline akaushusha polepole.

"Jamani, mama. Tangu lini?"

Ida akampita. Akaenda nyuma ya jiko, akapiga magoti chini ya migomba, akaanza kung'oa. Alishika mche wa kwanza shingoni akauvuta wote. Akashika wa pili.

"Mama, acha hata mmoja wa mbegu," Jackline akamsihi. "Huko juu hakuna tena."

"Mbegu ya kumpa nani?"

Akaimaliza yote. Mizizi ilikuwa nyembamba, kama nyuzi za kushonea. Jackline akaichukua, akaivunja, na harufu ikampanda hata kabla hajaileta puani. Akaanza kulia. "Huu unanukia, mama. Unanukia vizuri sana."

Waliiosha, wakampelekea Danieli na bakuli la uji. Akatafuna yote, polepole, kwa kuwa hata kutafuna sasa kulikuwa kazi. Ida hakukaa kwenye kigoda. Alikaa kitandani, kando ya mumewe.

"Huu ndio," Danieli akasema. "Sasa huu ndio wenyewe, Mama Oswald."

Wakasubiri. Uji ukaanza kuota ngozi juu. Danieli akautazama, kisha akatikisa kichwa.

"Hamu haiji."

"Subiri kidogo."

"Haiji, mama. Ilishaondoka." Akapumzika kabla ya kuendelea. "Na ule wa Mikumi nilijua siku ile ile kwamba si wenyewe."

"Ulijua?"

"Mimi pua ninayo. Hata yako nilijua imekufa. Mwaka ule uliunguza maharage mara mbili na umekaa hapo hapo jikoni. Niliona hutaki kusema, nikanyamaza."

Ida alihisi aibu yote aliyoikimbia miaka yote hiyo ikimkuta kwa mara moja. "Sasa kwa nini ulikuwa unakula? Si ulikuwa unakuumiza?"

"Uliniumiza. Kila kijiko kiliniumiza."

"Kwa nini basi, Baba Oswald?"

"Ulikuwa unaniangalia," akasema. "Ningefanyaje na wewe umekaa hapo unaniangalia?" Akafumba macho, akayafungua tena. "Sasa nimechoka. Naomba uniruhusu niache."

Jackline alitoka nje. Ida alibaki ameshika bakuli kwa mikono miwili. Alitaka kukataa. Akaitikia kwa kichwa. Danieli akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kula wewe," akamwambia. "Tangu jana hujala."

"Sina hamu."

"Najua. Kula."

Ida akachukua kijiko. Uji haukuwa na chumvi wala karanga wala sukari mdomoni mwake, ulikuwa uzito tu unaoshuka kooni, nao ulikuwa umeshapoa. Kijiko cha pili kilikuwa hivyo hivyo, na cha tatu. Danieli alikuwa amelaza kichwa upande, anamwangalia. Akala mpaka bakuli likaisha.