Kule Jiwe Linakolalia

Katika vilima vya Takaba mchimba visima alikuwa na heshima yake, na Yarrow mwana wa Kulow hakuhitaji kukumbushwa. Alitembea kifua mbele. Ukimuuliza kama anayajua mawe, angekujibu, "Yaulize mawe kama yananijua mimi."

Kiangazi cha mwaka 1949 majivuno hayo yalipata mtihani. Kisima cha kambi kiliporomoka, kikajifukia, na ngamia wakaanza kulala chini bila kutaka kuinuka. Gelle, mjomba wake Yarrow na mtu mwenye kauli kambini, alitaka wachimbe bondeni, upande wa mashariki.

"Abti, maji hukaa mahali pa chini," alisema, kwa neno wanaloitana mjomba na mpwa. "Hata mbuzi anajua."

"Mbuzi hachimbi, abti. Bondeni nguvu zitatuishia kabla ya kuyafikia. Nikikosea, sishiki sururu tena maishani, wallahi."

Alikuwa amekula kiapo mbele ya watu, na maji yakimwagika hayazoleki.

Akawapeleka magharibi, penye bamba la mwamba wa chokaa lililochomoza ardhini, kisha akamwomba mkewe maji. Maryan alikuwa amebakiwa na kibuyu kimoja kwa nyumba nzima. Alimtazama mumewe, akampa. Yarrow akayamimina yote juu ya jiwe.

"Astaghfirullah!" Gelle alishika kichwa. "Mtoto wa dada yangu amerukwa na akili!"

"Msinitazame mimi, tazameni maji."

Maji yaliteremka mashariki, moja kwa moja. Yarrow akailaza fimbo yake juu ya jiwe, ikaikata njia ya maji, ncha moja kaskazini na nyingine kusini.

"Jiwe hili ni kama mkeka ulioinuliwa upande mmoja," alisema. "Kule yanakokwenda maji, linazidi kuzama, na udongo unaoshika maji umelala chini yake, unazama nalo. Bondeni uko mbali mno. Lakini ukifuata fimbo, jiwe halizami wala halipandi. Basi tuanzie kisima cha zamani, tuelekee kaskazini kama fimbo ilivyolala. Maji tutayakuta kwenye kina kilekile cha kisima hicho."

Alisema kwa sauti ya kujiamini, ila hakuwa na hakika. Jiwe aliliona, udongo ulio chini yake hakuna aliyeuona.

Wakachimba kwa zamu. Walipokaribia kina cha kisima cha zamani bado palikuwa pakavu, na Gelle akasema imetosha, wafunge mizigo. Yarrow alishika kamba, akashuka mwenyewe, akapiga sururu mpaka mikono ikachubuka. Halafu ncha ikazama laini. Alipoingiza vidole, udongo ulikuwa umelowa, na maji yakaanza kuchipuka polepole, ya baridi. Yarrow alikaa ndani yake akalia kwa fahari, tena bila haya, maana kule chini alikuwa peke yake.

"Teremsheni ndoo!" akapaza sauti.

Desturi yao ilikuwa kisima kiitwe kwa jina la aliyekichimba. Ngamia walipokwisha kunywa, Gelle, matope yamemjaa hadi ndevuni, alisimama akatangaza kama mtu ambaye hajawahi kubisha: "Kisima cha Yarrow!"

Yarrow alilipenda jina lake, naye hakuwahi kulificha penzi hilo. Alilisikiliza kidogo likipita midomoni mwa watu, kisha akatikisa kichwa.

"Kiiteni kisima cha Maryan," alisema. "Mimi nilitoa maneno. Yeye alitoa maji."