Pembe ya Lomeri

Wakati ule, ungevuka mto Tarach ukaja upande wetu, ng'ambo ya kambi ya Kakuma, ukamuulizia mume wangu kwa jina lake la Ereng, watu wangekutazama tu. Ilibidi umuulizie Apalomeri, yaani baba yake Lomeri. Mimi nimemzalia watoto, binti yetu wa kwanza ni Arupe, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyemwita Baba Arupe isipokuwa mimi. Lomeri ni ng'ombe.

Sijakataa mila. Kwetu kila mwanamume anayejiheshimu ana maksai wake wa jina, dume aliyehasiwa, ambaye hafugwi ili aliwe wala auzwe. Anafugwa aimbiwe. Baba yangu kule Kataboi alikuwa na wake, na mama yangu hakuwahi kulalamika. Kwa hiyo nilijua nikiolewa nitamkuta ng'ombe. Sikujua nitakuwa wa pili nyuma yake.

Mwaka 2012 Ereng alipeleka mbuzi Lodwar, nikamwagiza leso. Lodwar ilikuwa imefurika wageni tangu mafuta yagunduliwe, maduka yamejaa, kwa hiyo sikuagiza kitu cha kutafutwa kwa tochi. Alirudi na kengele. Akamvisha Lomeri shingoni, akasogea nyuma, akasimama kumtazama mpaka jua likamwangukia utosini. Mimi alinitazama baadaye, alipotaka chai.

Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Alipiga mluzi, Lomeri akainua kichwa na kumjia, naye akamkuna chini ya kidevu huku akimnong'oneza mambo ambayo mimi sijawahi kunong'onezwa. Nilikuwa nikikamua ngamia nasikia yote. Nasema wazi, niliona wivu. Kumwonea wivu mke mwenza kuna heshima yake, unaweza hata kwenda kusemea kwa wazee. Ng'ombe utamshtaki wapi?

Na huyo Lomeri hakulisha mtu. Waliotulisha ni ngamia na mbuzi, na miguu yangu. Kila asubuhi mimi na wanawake wenzangu tulibeba jerikeni za maziwa tukavuka mchanga wa mto hadi soko la kambini, tukakaa pamoja kivulini. Wateja wetu wengi walikuwa akina mama wa Sudan Kusini, watu waliokulia kwenye ng'ombe, huwadanganyi kwa maziwa. Wa kwanza wao alikuwa Athieng, Mdinka, mke wa Alier. Athieng alichovya kidole, akaonja, akafikiri. Akisema ndiyo, wote walinunua.

Krismasi ile ya 2012 tulialikwa kucheza kwenye uwanja wa kanisa la kambini. Wanaume wetu waliruka, Ereng akamwimba Lomeri, watu wakashangilia kiasi. Kisha akasimama Alier. Wadinka nao wana ng'ombe wa kuimbiwa, kama sisi, labda kutushinda. Alier ni mrefu, na alipoinua mikono kuonyesha pembe za ng'ombe wake, mmoja ukaenda juu mbinguni, mwingine ukapinda ukashuka karibu na mdomo. Aliimba ng'ombe huyo anavyotembea na anavyokunywa, na jinsi pembe ya chini inavyoonyesha penye nyasi na ya juu inavyoonyesha penye mvua. Alipomaliza, nilijikuta nimepiga vigelegele.

Njiani kurudi, tulipofika mtoni, Ereng aligeuka akanikazia macho.

"Umempigia vigelegele," akasema.

"Nani? Alier?"

"Ng'ombe wake."

Hapo ndipo nilipojua vizuri mtu niliyeolewa naye. Mwanamume mrefu, mwenye meno yake kamili, amenyoosha mikono mbele ya mkewe na mkewe ameshangilia, naye kilichomuuma ni pembe. Nilitembea mbele yake njia yote iliyobaki.

Tangu siku hiyo Ereng hakutulia. Akikutana na Alier sokoni alimuulizia ng'ombe wake, naye Alier alijibu kwamba yuko kwao, Bor. Nyumbani alikaa akizitazama pembe za Lomeri, zilizokwenda juu zote mbili, sawasawa, pembe nzuri tu ambazo kila mtu anazo. Mluzi wa asubuhi ukawa mfupi. Hakumkuna tena kidevuni. Nilipaswa kufurahi, na kwa siku chache nilifurahi.

Pembe zinapindishwa kwetu, hilo halina siri. Lakini hupindishwa dume akiwa mdogo, pembe zikiwa bado laini. Mwenye mkono wa kujua huzigonga shinani kwa jiwe, kisha huzifunga kwa ukanda wa ngozi mpaka zishike njia yake. Ng'ombe mzima haguswi. Kila mtoto wa mfugaji anajua. Ereng alijua kunishinda.

Ilikuwa 2013, uchaguzi umepita, mvua imenyesha, mifugo iko karibu na mji. Nilikuwa narudi kutoka sokoni niliposikia Lomeri akilia. Sijawahi kusikia ng'ombe akilia vile, hata wa kuchinjwa. Nilipofika, Ereng na marafiki zake wawili wa rika lake walikuwa wamemwangusha na kumfunga miguu, na Ereng alikuwa na jiwe. Pembe ya kushoto haikupinda. Ilikuwa imepasuka shinani, damu imemwingia jichoni, na kengele ya Lodwar inalia kila akitupa kichwa.

"Mmefanya nini?" nikauliza.

"Itashika," Ereng akasema. "Tutaifunga."

Kabla sijamjibu likasimama gari la wageni waliokuwa wakipita, sikujua wa shirika gani wala sijui mpaka leo. Mmoja wao akaomba kupiga picha. Na hapa ndipo mume wangu alipotumaliza. Mtu mwingine angeficha jiwe. Ereng aliona heshima. Alidhani wamekuja kumwona Apalomeri akimtengeneza ng'ombe wake wa jina, kazi aliyoifanya baba yake mbele ya ukoo wote. Akasimama wima, mguu mmoja karibu na kichwa cha Lomeri, jiwe mkononi, akatabasamu.

Picha hiyo ilifika kambini kabla ya damu kukauka vizuri. Vijana waliitazama kwenye simu zao, kwenye Facebook, na chini yake kulikuwa na maneno: Hivi ndivyo wafugaji wa Turkana wanavyotesa ng'ombe. Arupe alinisomea walichojibu watu wa mbali. Kwamba wafugaji hatuna roho. Kwamba nyama yetu ni dhambi. Hakuna mahali walipoandika Ereng. Angalau wangeandika Ereng.

Jirani yetu Ethuro, ambaye hajawahi hata kumpiga punda wake kofi, alipeleka mbuzi Lodwar kwa Keziah, mama mmoja kutoka bara anayeuza nyama choma kwa wafanyakazi wapya wa kaunti. Keziah alimwambia kwamba wateja wake wanauliza mbuzi wanatoka kwa nani, na kwa sasa atangoja. Ethuro akarudi na mbuzi wake walewale, wamekonda kwa safari. Alipita mbele ya boma letu bila kusalimia.

Kesho yake Athieng hakuchovya kidole.

"Mama Arupe, leo hapana," akasema.

"Haya ni ya ngamia," nikamwambia. "Ngamia hana pembe."

"Mkono ni moja. Mkono iko piga ng'ombe, mkono iko kamua."

Akaenda kununua maziwa ya unga kwenye duka la Msomali. Wengine wakamfuata, na hawakumruka mwanamke hata mmoja kati yetu, wote tulikuwa wa mkono huo. Tulirudi na jerikeni zetu zikiwa zimejaa, na zilianza kunuka njiani. Hakuna mwenzangu aliyetembea nami. Asubuhi iliyofuata nilipofika kivulini hakuna aliyejisogeza nipate pa kukaa, na sikuwalaumu. Nilimlaumu Ereng, kisha nikamlaumu Lomeri, kisha nikamlaumu yule ng'ombe wa Bor na pembe zake za kuonyesha mvua.

Ereng alishindwa kukitazama kidonda. Shujaa wa jiwe, akiwaona nzi wameketi pale shinani anageuza uso na kwenda kukaa mtoni. Basi nikabaki mimi. Nilichemsha maji ya chumvi, nikanunua ile dawa ya zambarau ya kupuliza, nikamshika Lomeri asubuhi na jioni. Mtu asifikiri ni huruma. Nilitaka apone ili picha ile ikose ushahidi, na nilimtukana kila nilipomwosha. Nilimwita mwizi wa leso. Nilimwambia yeye ni mjinga, ana kichwa kikubwa cha bure, na amenilia ndoa yangu bila hata kutoa maziwa. Mwanzoni alinirusha. Baadaye alisimama tu, jicho lake moja likinifuata, akisikiliza matusi yote mpaka mwisho. Ereng hajawahi kunisikiliza hivyo.

Pembe ilianguka yenyewe. Kidonda kikaanza kufunga. Maziwa yangu bado yalikuwa yakirudi nyumbani, na watoto walikuwa wameanza kula mara moja kwa siku. Nikaenda kwa Athieng mpaka mlangoni kwake.

"Umeona picha," nikamwambia. "Njoo uone ng'ombe."

Alikuja jioni ileile na Alier. Ereng alikuwa kwenye ua wa miiba, na alipomwona Alier alibadilika rangi. Alidhani amekuja kumcheka.

"Ejok," Alier akasalimia. Kisha akaona upande wa kushoto wa kichwa cha Lomeri, akasogea karibu na ua.

"Nilitaka awe kama wako," Ereng akasema.

"Kama wangu?"

"Moja juu, moja chini."

Alier akamtazama mkewe, kisha akatazama chini. "Ndugu, mimi sina ng'ombe. Sijawahi. Mimi nilitoka kwetu mtoto, vita ilikuja, baba hajanipa."

"Umesema yuko Bor."

"Yuko kwa wimbo. Zile pembe nilitengeneza hapa, kwa laini ya posho, nikingoja chakula. Laini ilikuwa refu."

Nilimwona Ereng akitafuta mahali pa kuweka mikono yake. Miezi yote ile alikuwa akimwonea wivu ng'ombe asiye na kwato. Ningeweza kucheka, lakini Alier mwenyewe alikuwa karibu kulia, na Athieng amemshika mkono.

Nadhani Ereng alitaka kuonyesha kwamba yeye angalau anaye wa kweli. Akapiga mluzi, ule wa zamani, mrefu. Lomeri akashtuka. Akarudi nyuma mpaka miiba ikamchoma, kengele inapiga kelele, akageuza kichwa ili upande wenye kovu uwe mbali na mume wangu. Ereng akapiga tena, polepole. Akanyoosha mkono wa kumkuna kidevu. Lomeri alitetemeka ngozi yote.

"Naona," Athieng akasema.

Nikajua maziwa yangu yamekwisha. Hasira zikanipanda. "Wewe mwizi wa leso," nikamwambia Lomeri, "hata leo unaniaibisha? Simama, mjinga wewe."

Akasimama. Kisha akampita Ereng kwa mbali, akaja, akaweka pua yake yenye maji begani kwangu, akapumua. Sikujua nifanye nini. Nikamkuna chini ya kidevu, maana ndipo alipozoea.

Athieng alitutazama sote wawili. "Kesho leta maziwa," akasema. "Ya mkono yako."

"Na wenzangu?"

"Wenzako sijaona."

"Basi utakuja kuona boma moja moja," nikamwambia, "kwa sababu mimi sitakaa pale peke yangu."

Na kweli alianza kuja. Alianzia kwa Ethuro, nami nilimpeleka mwenyewe. Wako waliorudishiwa wateja wao na wako ambao hawajarudishiwa mpaka leo, kwani picha ile bado iko kwenye simu za watu, na haitaji jina la mtu.

Jioni ile Athieng na Alier walipoondoka, Ereng alikuja akasimama karibu nami nikiosha jerikeni. Alinitazama, kweli alinitazama, na nikayatambua yale macho. Ni yale macho ya wivu aliyokuwa nayo njiani siku ya Krismasi.

"Umempa nini ng'ombe wangu?" akauliza.

"Matusi."

"Matusi gani?"

Nikamtajia yote, mwizi wa leso na kichwa cha bure. Hakucheka. Alikuwa akisogeza midomo, akiyashika.

Asubuhi, kabla sijafunga mizigo yangu, nilimsikia zizini akiyarudia moja baada ya jingine, kwa ile sauti ya kunong'ona ambayo miaka yote niliitamani. Kengele ya Lodwar ilikuwa ikilia, inasogea mbali naye. Nilisimama nikasikiliza kidogo. Kisha nikabeba maziwa yangu, nikaenda sokoni.