Tairi halina siri

Juma lililopita nilikwenda Gatsata, kwenye maduka ya vipuri, kutafuta kioo cha pembeni cha gari langu. Dukani nikamkuta kijana mwenye koti la ngozi. Pikipiki yake kubwa ya mbio ilikuwa mlangoni, naye alitaka matairi mapya.

"Nipe yale laini ya mashindano, mama. Mimi kona nazilalia."

Mama muuzaji alitoka nje, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye tairi la nyuma. Katikati lilikuwa kipara. Pembeni vinyweleo vya mpira vya kiwandani vilikuwa bado vimesimama.

"Mwana wangu, hii tairi haijalala hata siku moja. Wewe unaenda mbele tu. Na ile laini inataka joto ndiyo ishike barabara. Na hizi mvua na kamera za mwendo kasi, joto utatoa wapi?"

Kisha akamwonyesha motari, dereva wa pikipiki ya abiria, aliyekuwa akijaza upepo, kofia ya abiria ikining'inia mkononi. Tairi la pikipiki yake ndogo lilikuwa limelika mpaka ukingoni, pande zote mbili.

"Wewe unashindana wapi?" kijana akamuuliza.

"Kwenye kona za Kimisagara, bosi. Abiria anachelewa kazi."

Kijana akachukua matairi magumu.

Tangu siku hiyo, mtu akinisimulia anavyohangaika, natazama kwanza viatu vyake. Jana nikageuza na vyangu, mimi mwandishi ninayejitapa kwamba habari naifuata kwa miguu. Soli bado zinang'aa.