Picha ya Kichwa cha Mdogo Wangu

Kinyaa nilichokipata siku ile nyumbani Butiama hakijanitoka mpaka leo. Baba mdogo akija dukani kwangu Mukendo namsalimia kwa sababu ni baba, lakini mate yananijaa mdomoni, natamani nitoke nje nikateme.

Mdogo wangu wa kike anaumwa skizofrenia. Ilimwanzia akiwa chuoni: anasikia watu wakimsema ambao sisi hatuwasikii. Alipoanza dawa zile sauti zikapungua, akawa anakaa kwangu Kigera, anapika, anafua, ananitania kwamba nimekauka kama furu, wale samaki wadogo wa kuanika. Kliniki wakamwomba aingie kwenye utafiti wa vijana wenye ugonjwa kama wake, wa kupiga picha za ubongo huko Mwanza. Akakubali mwenyewe, tena kwa furaha.

Nilimsindikiza. Daktari alitueleza taratibu. Alisema wanaangalia ubongo mzima unavyofanya kazi mtu akiwa amelala tu, sehemu zipi zinawasiliana na zipi zimenyamaziana, halafu wanalinganisha vijana wengi wanaoumwa na wengi wasioumwa. "Picha ya mtu mmoja peke yake haiwezi kutuambia kama anaumwa au haumwi," alisema. Mdogo wangu akaingizwa kwenye lile dude linalogonga kama mafundi bati, akatoka, akaomba soda. Wakampa picha moja ya kichwa chake, ile nyeusi ya plastiki, wakasema haionyeshi uvimbe.

Hapo ndipo ujinga ulipoanza. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki, aliposikia habari ya picha akaja Kigera, akaiinua juani mlangoni kwangu, akaigeuza hivi, akaigeuza vile.

"Iko safi! Huyu mtoto hanaga ugonjwa. Hizo dawa ndizo zinamlaza hovyo."

Nikamwambia, "Baba, daktari hakusema hivyo." Akaniuliza kama nadhani yeye ni kipofu. Akamchukua mdogo wangu, eti akapumzike Butiama, akachukua na picha. Dawa akaziacha mezani kwangu.

Siku chache baadaye shangazi akanipigia simu: kuna wageni kutoka Bunda wanakuja kuposa. Kumposa nani, jamani? Nikafunga duka, nikatia dawa kwenye pochi, nikaenda.

Nilipoingia sebuleni nikaikuta ile picha imebanwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ya pazia, dirishani, ili mwanga upite. Ubongo wa mdogo wangu umeanikwa! Wageni wameinua shingo wanaukagua. Kwetu ng'ombe wa mahari hawatajwi mpaka upande wa pili uridhike kwamba msichana hana kasoro, na baba mdogo alikuwa ameshapata cheti chake.

"Tazameni wenyewe," anasema. "Watu walikuwaga wanasema kachanganyikiwa. Kuchanganyikiwa kuko wapi hapo?" Na kidole kinazunguka kwenye ile picha kama anaonyesha mnofu buchani. Mtu mzima hovyo! Na wale nao wanatikisa vichwa, eti wameelewa.

Mdogo wangu alikuwa mkekani, kapakwa mafuta, kavalishwa kitenge kipya, midomo inacheza bila sauti. Dalili ile naijua: anawajibu wale anaowasikia. Wakikubaliana siku hiyo, angekwenda kwa watu wanaoamini ni mzima, wasimpe dawa, na siku akizidiwa wamfunge kamba.

"Baba, naomba hiyo picha ishuke," nikasema.

"Kaa chini wewe!"

Mama wa kijana anayeposa akamgeukia mdogo wangu. "Eti mwanangu, ni kweli huna shida?"

Mdogo wangu akaitazama picha. "Waliniambia nilale, nisifikirie kitu. Nikalala. Wale watu wakawa wananitukana humo humo, na mashine inagonga. Mnawaona hapo? Hata mimi siwaoni. Ila nawasikia, hata sasa hivi wapo."

Yule mama akaweka kikombe chini, akamshika mkono, akasema, "Pole, mwanangu." Ndiye pekee aliyempa pole siku ile, na alikuwa mgeni. Kisha wakasimama wote, wakaaga kwa adabu. Chakula hawakukigusa.

Nikatoa dawa kwenye pochi, nikaomba maji, mdogo wangu akameza mbele ya ukoo mzima. Nikangoja baba mdogo aseme lolote, hata uongo tu, kwamba hakujua. Yeye kasimama dirishani, anatoa vibanio.

"Hii waliipiga vibaya," akasema. "Mpeleke akapigwe nyingine."

Mdogo wangu akanirudishia kikombe. "Dada," akasema, "tuondoke kabla sijawaamini wale wengine wa kichwani."