Sanduku Lililobebwa Mpaka Ntoto

Kabla ya vita kufika kwao, kazi ya Rosalie ilikuwa kufagia kanisa. Kanisa lenyewe lilikuwa la udongo na mabati, juu ya kilima kimoja upande wa Nyabiondo, na mtu wa mjini angeliita kibanda. Kila Jumamosi alilifagia, akafua vitambaa vya altare, akajaza mafuta kwenye taa, halafu akateremka shambani kupalilia maharage. Alifanya hivyo miaka ishirini na mitano. Mumewe, Edmond, alimtania kwamba nyumba ya Yesu inafagiliwa vizuri kuliko ya kwake, na Rosalie alimjibu kwamba Yesu haachi maganda ya mihogo sakafuni.

Alikuwa mtu wa zamani, na nasema hivyo bila kumcheka. Katekisimu alifundishwa na mmisionari mzee mwenye ndevu, aliyewapanga watoto mstari na kuwakaririsha mambo mawili mpaka yakaingia kwenye mifupa: hostia, mkate ule wa komunyo, haitafunwi, inangojewa iyeyuke ulimini, na mkono wa mtu asiye padri haugusi Mwili wa Bwana. Mzee yule alikufa. Wakaja mapadri wengine na mambo yakabadilika. Ikaruhusiwa kupokea komunyo mkononi, na katekista akaruhusiwa kuigawa Jumapili ambazo padri hayupo. Rosalie, Edmond na wenzao wachache hawakubadilika. Walikwenda mbele wamefunika mikono chini ya kitenge au koti, wakafungua midomo.

Watu wakawaita watu wa ulimi. Nao wakawaita wengine watu wa mkono. Mwanzoni ulikuwa utani wa kwenye pombe ya ndizi, lakini utani nao huota mizizi. Katekista Esdras, mkulima mfupi mwenye sauti kubwa, aligawa komunyo kwa ruhusa ya padri, na watu wa ulimi wakabaki wamekaa kwenye mabenchi, macho kwenye magoti yao, wakimngoja Padri Omer aliyefika mara moja kwa miezi mitatu, barabara ikikubali. Ilipofika mwaka wa 2012 pande mbili zilikuwa hazipikiki chungu kimoja. Hata misibani walikaa mbali mbali. Vita vinabisha hodi kilima kwa kilima, watu wanazika kila wiki, na hawa wanagombania ulimi na mkono! Mimi ningewachapa wote fimbo. Lakini mimi sikuwapo, na waliokuwapo wameniambia kwamba ugomvi mdogo uliwasaidia kuusahau ule mkubwa.

Pasaka ya mwaka ule Padri Omer alifika kwa pikipiki, amelowa matope mpaka kiunoni. Alisoma misa, akajaza hostia kwenye kikombe, akakifungia ndani ya tabernakulo, ambayo pale kwao ilikuwa sanduku dogo la mbao lililopigiliwa ukutani. Kwa kuwa pande mbili hazikuaminiana, ufunguo alimpa Rosalie, ambaye hata watu wa mkono walijua haibi wala hasemi uongo.

"Esdras atakuomba ufunguo kila Jumapili, siku ya Mungu," alimwambia. "Atagawa pole pole mpaka ikwishe. Miye nitarudia mwezi wa saba."

Mwezi wa sita kilima chao kiliungua. Sitaeleza ni nani aliyekiunguza. Kila mtu unayemuuliza anataja kundi lingine. Ilikuwa asubuhi, maharage yameanikwa uani, na risasi zilipoanza kusikika kutoka bondeni ikawa mguu niponye. Wengine walishika sufuria, wengine kuku. Rosalie alipanda kilima kuelekea kanisani, upande ambao wenzake wote walikuwa wanaukimbia, na Edmond akamfuata akilaani. Edmond alilibandua sanduku ukutani kwa jembe. Rosalie alilifunika kwa kitambaa cha altare, akalizungushia vitenge viwili, akalifunga mgongoni kama mtoto. Hakugusa ubao kwa mkono mtupu hata mara moja.

Walitembea siku nne msituni mpaka Ntoto, katika eneo la Walikale. Mvua iliwanyeshea siku tatu. Edmond alitembea nyuma ya mkewe ameinua jani la mgomba, na jani hilo alilikinga juu ya sanduku, wala si juu ya kichwa chake.

Pale Ntoto walipokelewa na Mama Mbambu, mfanyabiashara wa kutoka upande wa Butembo, aliyekuwa na duka la chumvi na sabuni. Mkatoliki yule, mwenye mdomo mkali na mkono wazi. Aliwapa jiko lake la nyuma walale humo, na kila wiki akawapa mawese kidogo kwa ajili ya taa ya kuwaka mbele ya sanduku. Esdras na watu wa mkono walifika pia, wakajenga vibanda vya turubai mwisho wa kijiji. Jumapili ya kwanza Esdras alikuja amevaa shati lake lililobaki.

"Mama Rosalie, aksanti sana kwa kubeba Bwana. Sasa nipatie ufunguo. Watu banangojea."

"Hapa hakuna altare, Esdras."

"Kuna watu."

"Watu batangojea. Padri atakuja."

"Padri alisema nigawe mpaka ikwishe. Ulisikia na masikio yako."

"Alisema kule. Hapa hakusema kitu."

Esdras alirudi Jumapili ya pili, na ya tatu. Alipewa jibu lile lile, na Jumapili ya nne hakuja. Tangu hapo watu wa mkono walisali peke yao chini ya turubai, na watu wa ulimi wakasali rozari kwenye jiko la Mama Mbambu, kati ya masufuria. Bibi Hélène, aliyekuwa mkali kuliko wote, alimwambia Rosalie kwamba mbinguni watamkumbuka.

Sasa niseme ukweli ambao Rosalie mwenyewe aliusema baadaye sana. Yale ya mmisionari aliyaamini, ndiyo. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Nyumba ilikuwa majivu. Shamba lilikuwa linalimwa na watu wenye bunduki. Makaburi ya watoto wake wawili yalikuwa kule, na nani angeyapalilia? Katika vitu vyote vya kwao, sanduku lile peke yake lilikuwa limefika zima. Esdras angeligawa mara mbili, mara tatu, na lingekuwa limekwisha. Aliogopa siku ile kuliko alivyoogopa risasi.

Miezi ikapita. Rosalie alilima shamba la mtu kwa ujira wa mihogo. Habari zilikuja kutoka Nyabiondo: fulani ameuawa, fulani amepotelea kwenye machimbo ya Bisie, fulani amejifungua porini na mtoto hakupona. Alizisikiliza akiendelea kumenya. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Alijua kwamba habari hizi zinauma, kama mtu anavyojua kwamba mahali fulani kuna baridi. Asubuhi aliwasha taa, jioni aliizima ili mafuta yasiishe. Hapo mbele ya sanduku tu ndipo alipokumbuka kwamba yeye ni Rosalie.

Kikohozi cha Edmond kilianzia njiani. Dawa za kituo cha afya zilikisaidia wiki mbili, halafu kikarudi na damu. Mwezi wa kumi hakuweza tena kukaa bila kuegemea ukuta.

"Rosalie," alisema mchana mmoja, "fungua."

"Padri atakuja."

"Miye sitamufikia. Nimechoka. Niko nataka Yesu, basi. Hata ku mukono ya Esdras."

Rosalie alimtazama. Mwanamume huyu alikaa kwenye benchi pamoja naye miaka yote, ameficha mikono kwenye koti, akichekwa na vijana. Alitaka kumwambia kwamba hakumtambua.

Mama Mbambu ndiye aliyetuma kumwita Esdras. Alikuja moja kwa moja kutoka shambani, panga mkononi, akanawa mikono kwenye beseni muda mrefu, mpaka kwenye kucha.

"Ufunguo, Mama."

Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Rosalie, kwenye uzi mmoja na rozari. Aliufumbata.

"Hapana."

"Ni bwana yako iko naomba. Si miye."

"Nimesema hapana, Esdras."

Hakuna aliyepiga kelele. Edmond alifumba macho, akayafumbua, akamwomba mkewe amchotee maji ya baridi kwenye chemchemi. Rosalie alikwenda na ndoo. Aliporudi Esdras alikuwa ameondoka na sanduku lilikuwa pale pale. Edmond alikunywa, akasema maji ni matamu, na jambo lile hakulitaja tena. Siku ya tatu alifariki, wakati mvua inanyesha na mkewe yuko katikati ya litania. Rosalie aliimaliza litania. Halafu akatafuta sanda.

Watu walingojea alie. Hakulia. Bibi Hélène alimshika mabega, akamwambia, "Umekuwa muaminifu, mwanangu. Subira yavuta heri." Rosalie aliitikia kwamba ndiyo, kisha akauliza kama kuna kuni za kutosha kwa wageni.

Padri Omer alifika Ntoto mwaka uliofuata, wiki ya pili ya Kwaresima. Alikuwa amekonda. Pikipiki aliiacha mahali barabara ilipokufa, akamaliza safari kwa miguu. Watu wa ulimi na watu wa mkono walijaa uani kwa Mama Mbambu, kwa mara ya kwanza pamoja, ingawa kila upande ulishika ukuta wake. Padri aliingia jikoni na Rosalie na Esdras, akafunga mlango. Rosalie alipiga magoti, akavua ufunguo shingoni, akautoa kwa mikono miwili.

Kufuli lilikuwa na kutu. Lilipofunguka, Padri alikitoa kikombe, akainua kifuniko, akatazama. Kisha akakiinamisha ili na wao waone. Chini kulikuwa na kitu cha rangi ya majivu, kimegandamana upande mmoja, upande mwingine unga tu, na wadudu wadogo wameshautoboa toboa.

"Mama," alisema taratibu, "hamuna kitu humu."

"Yesu iko humo, Padri."

"Alikuwako. Lakini mukate ukioza, ukiacha kuwa mukate, hayuko tena ndani. Njo vile Kanisa inafundisha tangu zamani. Hata ule mumisionari yako alijua."

Rosalie hakuinuka.

"Tangu lini?"

"Sijue. Kama mvua iliingia mu njia, pengine tangu mwezi wa saba. Kama haikuingia, pengine ilifika karibu na Noeli."

"Mu mwezi wa kumi, Padri. Mu mwezi wa kumi alikuwa angali?"

Padri Omer alimgeukia Esdras, naye Esdras akatazama chini. Ndipo Padri alipoelewa anaulizwa nini.

"Sijue, Mama," alisema. "Mungu njo anajua."

Yalikuwa mambo mawili, na Rosalie aliyapima pale pale, bila machozi. Ama alimnyima mumewe Bwana aliyekuwa hatua tatu kutoka kwenye mkeka wake. Ama alimnyima kwa ajili ya vumbi, na miezi yote ile alipigia magoti vumbi. Alitafuta lipi lina nafuu. Hakulipata.

Padri aliagiza maji ili ayeyushe mabaki, yamwagwe mahali pasipokanyagwa na mtu, kama desturi ilivyo. Esdras akatoka nyuma ya jiko kuchimba shimo kwa panga lake, na Rosalie akamfuata kwa sababu hakujua pa kwenda. Alisimama akimwangalia anavyopasua udongo.

"Esdras. Ile siku ulikuwa na panga."

"Ndiyo, Mama."

"Na ile sanduku iko ubao laini. Pigo moja tu. Sababu ya nini haukuvunja?"

Esdras aliendelea kuchimba. Sauti yake kubwa ilikuwa imemwishia.

"Nilitaka. Nilishainua mukono. Papa Edmond njo alinikataza."

"Alisema nini?"

"Ulikuwa umeenda ku maji. Alisema: 'Acha, Esdras. Ukiivunja, ye atabaki na sanduku yenye kuvunjika, na miye sitakuwako. Nimengojea pamoja na ye miaka makumi tatu na ine. Nitangojea na hii.'"

Rosalie aliketi chini, pale pale kwenye udongo wa shimo, na kitenge chake cha misa. Kilio kilimtoka kwa sauti nzito ambayo hakuna mtu pale Ntoto aliyewahi kuisikia kwake, na Esdras, mtu wa mkono, aliweka panga pembeni akaketi naye. Padri Omer alifika na beseni, akaona, akasimama akingoja. Kule uani watu walikuwa wameshaanza wimbo wa kuingilia. Waliumaliza, wakaona padri hatokei, wakauanza upya.